Kujitoa kwa Imani ya Kikristo: Mwongozo wa Kuanza, Kudumu na Kurudi

Watu wengi hupima kujitoa kwa Mungu kwa joto la moyo. Aliyelia kwenye mkutano wa injili huonekana amejitoa, na aliyesali kimya bila kutoa chozi huonekana bado. Kipimo hiki kinadanganya, kwa sababu hisia hupanda na kushuka kwa sababu nyingi zisizohusiana na imani: usingizi, afya, habari mbaya, hata muziki uliopigwa vizuri. Mwongozo huu unachukua kipimo kingine, nacho ni mambo ambayo mtu huyarudia wakati ambapo hajisikii kuyafanya, hasa yale yasiyoonekana na watu. Hatua zinazofuata zinamfaa anayeanza safari ya imani, na zinamfaa pia yule aliyelelewa kanisani lakini hajawahi kuketi na kuamua mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Fahamu mpangilio wa mambo

Kabla ya kupanga lolote ni lazima jambo moja likae mahali pake. Katika imani ya Kikristo mtu hajitoi ili Mungu ampende. Hujitoa kwa sababu amekwisha kupendwa. Paulo anaeleza katika Waefeso 2:8-9 kwamba wokovu ni kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, kisha katika aya ya 10 anasema kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Matendo yapo, tena yanadaiwa, lakini yanakuja baada ya neema. Warumi 12:1 nayo, inayowaomba waumini waitoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai, inakuja baada ya sura 11 zinazoeleza yale ambayo Mungu amefanya.

Anayegeuza mpangilio huu huishia katika mojawapo ya mashimo mawili. Akifanikiwa kufuata ratiba yake ya ibada, huanza kuwadharau wasioifuata. Akishindwa, huona Mungu amemkataa na kuacha kila kitu. Kama unajitambua katika mojawapo ya hali hizo, usiongeze juhudi kwanza. Rudi usome sura mbili za mwanzo za Waefeso, polepole, siku kadhaa mfululizo.

Hatua ya pili: Hesabu gharama kwa jina

Yesu hakuwashawishi watu kwa kuwaficha masharti. Katika Luka 14 anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye lazima aketi kwanza ahesabu kama anavyo vya kuumalizia, asije akachekwa baada ya kuweka msingi. Mwishoni mwa Luka 9 wanatajwa watu watatu wanaotaka kumfuata, na kila mmoja anapewa neno gumu badala ya kukaribishwa kwa shangwe. Yoshua naye, alipowakusanya Waisraeli Shekemu wachague watakayemtumikia, aliwaambia waziwazi katika Yoshua 24:19, "Hamwezi kumtumikia BWANA," baada tu ya wao kukubali kwa haraka. Ni mhubiri gani wa leo angethubutu kuwajibu hivyo watu waliokwisha kuinua mikono?

Kwa hiyo chukua karatasi na uandike gharama zako, si gharama za Wakristo kwa ujumla. Sema kwa jina: ni uhusiano gani hauwezi kuendelea kama ulivyo? Ni chanzo gani cha mapato kinategemea uongo, rushwa au kumpunja mtu? Ni tabia gani unaificha hata kwa watu wa karibu? Ni chuki gani umeilea mpaka ikawa sehemu yako? Ni nani nyumbani atakayekasirika, na kwa nini? Sehemu hii isifanywe kwa dakika chache. Mtu anayeona kwamba orodha yake ni fupi sana kwa kawaida amejitazama akiwa mbali.

Gharama ya ndugu huwa nzito kuliko nyingine zote. Perpetua, mwanamke kijana aliyeuawa Karthago mwaka 203, alikuwa bado ananyonyesha mtoto, na baba yake alimjia mara kadhaa akimsihi aikane imani kwa ajili ya familia. Wengi wetu hatutafikishwa hapo. Hata hivyo, mtu anayetoka katika nyumba ya imani nyingine, au katika nyumba isiyojali dini, anaweza kunyimwa heshima, urithi au mazungumzo. Katika hali hiyo imani haimtaki awe mkali. Anatakiwa asimame bila kutukana alikotoka, aendelee kuwaheshimu wazazi wake na kuwatunza, na asigeuze kila mlo kuwa mahubiri.

Kanisa la kale lililielewa jambo hili la gharama. Katika baadhi ya makanisa ya karne za mwanzo, wakatekumeni walifundishwa kwa muda mrefu kabla ya kubatizwa, hata miaka mitatu, na kazi zao na mwenendo wao vilichunguzwa. Ubatizo ulikuja baada ya mtu kujua anachokiingia.

Hatua ya tatu: Liseme mbele ya watu

Uamuzi uliobaki kichwani ni rahisi kuubadilisha bila mtu kujua. Ndiyo sababu imani ya Kikristo ina tendo la hadharani, nalo ni ubatizo, ambao katika mapokeo mengi huambatana na maswali na majibu ya kumkataa shetani na kumkiri Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kama hujabatizwa, omba mafundisho kwa mchungaji, padri au mwalimu wa katekisimu wa kanisa unalosali. Kama ulibatizwa ukiwa mtoto, makanisa yanatofautiana: mengine yana kipaimara, ambako kijana au mtu mzima anathibitisha ahadi za ubatizo, na mengine yatakutaka ubatizwe ukiwa umeamini. Uliza kanisa lako, pata sababu zao kutoka katika Maandiko, na usilifanye suala hili kuwa vita.

Zaidi ya ibada yenyewe, mwambie mtu mmoja unayemheshimu kwamba umeamua kumfuata Kristo, na umpe ruhusa ya kukuuliza unaendeleaje. Mtu huyu asiwe wa kukusifu tu. Ni vyema awe wa jinsia yako, awe amekutangulia katika imani, na awe na ujasiri wa kukwambia ukweli unapokosea.

Hatua ya nne: Tengeneza yaliyoharibika

Hapa ndipo kujitoa kwingi hukwama, na ndipo ninapoamini pana uthibitisho mkubwa kuliko wa machozi. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, alisimama na kusema kwamba anawapa maskini nusu ya mali yake, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Yesu hakumwambia kwamba ametia chumvi, alisema, "Leo wokovu umefika nyumbani humu." Sheria ya zamani katika Mambo ya Walawi 6 ilimtaka aliyedhulumu arudishe mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Mathayo 5:23-24 inakwenda mbali zaidi, kwa kumwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, akapatane na ndugu yake kwanza, ndipo arudi aitoe.

Anza na madeni ya fedha, kwa kuwa yanahesabika. Orodhesha uliowakopa na ukanyamaza, uliowapunja katika biashara, na mwajiri uliyechukua mali yake. Kama huwezi kulipa yote kwa mara moja, nenda kwa mhusika, kiri, na mkubaliane malipo ya awamu. Kisha yaje maneno: uliyemsingizia anastahili kusafishwa jina lake mbele ya walewale waliosikia uongo wako. Kumwomba msamaha faraghani wakati ulimchafua hadharani ni kulipa nusu ya deni.

Tahadhari mbili zinahitajika. Ya kwanza, kukiri kusiwe njia ya kujitua mzigo kwa kumtwika mwingine. Yapo mambo ambayo kuyasema bila busara kutamwumiza mtu asiye na hatia, na hayo yapelekwe kwanza kwa mchungaji au padri anayetunza siri. Ya pili, kama umetenda kosa la jinai, toba haikuondolei wajibu wa kisheria, na kanisa linalokusaidia kuuficha uhalifu uliomwumiza mtu halikusaidii kumfuata Kristo. Kwa upande mwingine, aliyedhulumiwa anaitwa kusamehe, lakini kusamehe hakumlazimu kurudi kuishi na anayempiga.

Hatua ya tano: Panga sala na Neno katika saa halisi

"Nitasali nikipata nafasi" ni namna ya heshima ya kusema sitasali. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, na andiko la kale la Kikristo liitwalo Didache linawaagiza waumini wasali Sala ya Bwana mara tatu kila siku na kufunga siku za Jumatano na Ijumaa. Waliotangulia hawakuiachia sala hali ya moyo.

Chagua saa moja ya siku, iliyo yako kweli, na mahali pamoja. Kwa anayeanza, dakika 15 zinazotimizwa kila siku zina nguvu kuliko saa 2 zinazofanyika mara moja kwa mwezi. Zigawe hivi: kimya kifupi, zaburi moja, sehemu ya Injili, kisha sala. Katika sala usikimbilie maombi ya mahitaji. Anza kwa kumsifu Mungu, ungama makosa ya jana kwa majina yake, ombea watu wengine, halafu ndipo ulete haja zako. Ukikosa maneno, tumia Sala ya Bwana na uitafakari kifungu kwa kifungu. Ukisali kwa maneno yaliyoandikwa usijione mnafiki, kwa sababu zaburi zenyewe ni sala zilizoandikwa.

Katika kusoma, usianze Mwanzo ukidhani utafika Ufunuo kwa hamasa. Wengi hukwama katika Mambo ya Walawi na kuiweka Biblia rafuni. Anza na Injili ya Marko, yenye sura 16, ambayo inaweza kusomwa yote kwa kikao kimoja. Fuata Matendo ya Mitume, kisha Warumi na Waraka wa Yakobo, ndipo urudi Mwanzo na Kutoka. Zaburi ziko 150, hivyo anayesoma 5 kwa siku huzimaliza kwa siku 30. Baadaye ukitaka kuisoma Biblia yote ya vitabu 66, yenye sura 1,189, sura 3 kwa siku zitakufikisha mwisho kwa takriban miezi 13. Kila unaposoma jiulize: kifungu hiki kinamwonyesha Mungu kuwa nani, na leo kinanidai nini? Andika jibu la swali la pili kwa sentensi moja inayotendeka, kama vile kumpigia simu fulani au kurekebisha hesabu fulani.

Kuhusu kufunga, fanya kwa kiasi, kwa siri kama Mathayo 6 inavyoagiza, na mgonjwa au mjamzito asijilazimishe.

Hatua ya sita: Jiunge na kanisa, na ulipime

Matendo 2:42 inawaeleza waumini wa kwanza kwa maneno haya: "Wakawa wakidumu katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali." Kati ya mambo hayo manne, ushirika na kuumega mkate haviwezekani kabisa kwa mtu aliye peke yake. Anayesema kwamba anamwamini Yesu lakini hahitaji kanisa huwa mara nyingi ameumizwa na kanisa, na maumivu hayo yastahili kusikilizwa. Bado amri ya kupendana, kusameheana na kuchukuliana mizigo haina mahali pa kutimizwa pasipo watu.

Jiunge na kanisa moja na ujulikane humo. Ingia katika jumuiya ndogo au kikundi cha Biblia ambako watu watagundua usipofika. Chukua huduma isiyo na sifa, kama kufagia, kupanga viti au kutembelea wagonjwa, kabla ya kutamani kipaza sauti.

Kujitoa kwa Kristo, hata hivyo, si kujitoa kwa kiongozi. Wakorintho waligawanyika wakisema mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo, na Paulo mwenyewe aliwakemea. Waberoya walisifiwa katika Matendo 17:11 kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo. Kama mtume alipimwa, hakuna mhubiri aliye juu ya kupimwa. Ondoka mahali ambapo maombezi yanauzwa, kwa kuwa Simoni aliyetaka kununua kipawa cha Roho aliambiwa na Petro fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Ondoka pia mahali ambapo hesabu za fedha haziulizwi, ambapo mgonjwa anaambiwa aache dawa ili kuthibitisha imani, ambapo mke au mume anatengwa na mwenzake kwa amri ya nabii, au ambapo kumwuliza kiongozi swali kunaitwa uasi. Lakini usihame kwa sababu wimbo haukukupendeza au mzee wa kanisa hakukusalimu. Mwenye kosa dhidi yako mwendee faraghani kwanza, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza.

Hatua ya saba: Fikisha imani nyumbani, kazini na kwenye mfuko

Kuna mtu asiyekosa mkesha hata mmoja, ilhali watoto wake hawajui saa ya kula. Paulo hamsifu. Katika 1 Timotheo 5:8 anasema kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza siku za ibada kwenye ratiba, waulize watu unaoishi nao ni jambo gani katika mwenendo wako linawachosha. Jibu lao ni somo la mwezi mzima.

Kazini, Wakolosai 3:23 inataka kazi ifanywe kwa moyo kama kwa Bwana. Hii ina maana ya kufika kwa wakati, kutosaini kazi ambayo hukuifanya, na kumlipa unayemwajiri mshahara wake kwa tarehe mliyokubaliana. Anayewaita wafanyakazi wake kwenye maombi ya asubuhi huku akiwacheleweshea ujira asome Yakobo 5:4.

Katika utoaji, 1 Wakorintho 16:2 inaagiza kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, na 2 Wakorintho 9:7 inataka atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Makanisa mengi hufundisha fungu la kumi. Vyovyote unavyofundishwa, amua kiwango kabla fedha haijaingia mkononi, kitoe kwanza, na tenga sehemu ya mhitaji unayemfahamu kwa sura. Usikope ili utoe sadaka, wala usitoe ada ya mtoto kwa kushinikizwa na ahadi ya muujiza.

Hatua ya nane: Jiandae kwa ukavu na mashaka

Utafika wakati sala itakuwa kama inaishia darini. Usishangae, wala usihitimishe haraka kwamba umetenda dhambi ya siri. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani bila faraja yoyote, na bado imo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Eliya, siku chache baada ya ushindi wa Karmeli, alilala chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ukiwa mkavu, kagua kwanza mwili: usingizi, chakula, kazi iliyozidi, msiba ambao hukuulilia. Huzuni isiyoondoka kwa majuma mengi mpelekee daktari aione, na uendelee kusali. Katika kipindi hicho punguza sala iwe fupi, lakini usiifute.

Mashaka ya akili yanahitaji njia nyingine. Yaandike kama maswali, yapeleke kwa mtu aliyesoma, na utafute vitabu. Tomaso alisema hataamini mpaka aone alama za misumari, na wenzake hawakumfukuza; juma lililofuata alikuwa bado pamoja nao Bwana alipokuja. Baba wa kijana aliyepagawa alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa.

Hatua ya tisa: Jua utakavyorudi ukianguka

Panga kurudi kabla hujaanguka, maana anayeanguka bila mpango hujificha, na kujificha ndiko kunakoigeuza siku moja mbaya kuwa miaka. Usingoje ujisikie msafi ndipo usali. Siku ileile ungama kwa Mungu, ukishikilia 1 Yohana 1:9, mwambie yule mtu uliyempa ruhusa ya kukuuliza, au nenda kitubio kama kanisa lako lina sakramenti hiyo, tengeneza ulichoharibu, kisha ondoa mlango ulioingilia, uwe ni simu, njia unayopita, au urafiki. Ibada inayofuata uwepo, hata kama unaona aibu.

Petro alimkana Bwana mara tatu kando ya moto wa makaa. Katika Yohana 21, kando ya moto mwingine wa makaa, aliulizwa mara tatu kama anampenda, na kila mara akapewa kazi ya kulisha au kuchunga kondoo. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba huko Pamfilia, na Paulo akakataa kumchukua tena. Miaka baadaye Paulo yuleyule aliandika aletewe Marko kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Angalia pia kwamba kuaminiwa kulichukua muda. Ukisamehewa leo, huenda watu wakahitaji mwaka kukuamini, na kuwavumilia ni sehemu ya toba yako.

Hatua ya kumi: Kagua na ufanye upya agano

Weka siku moja kila mwaka ya kukagua. Mwezi Agosti 1755, jijini London, John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliwaongoza Wamethodisti katika ibada ya kulifanya upya agano lao na Mungu, na makanisa mengi ya Kimethodisti yanaiendeleza desturi hiyo, hasa mwanzo wa mwaka. Toa ile karatasi ya gharama, uisome tena, na uongeze zilizojitokeza baadaye. Jiulize umetoa fedha kiasi gani, umepatana na nani, bado humsemeshi nani, umesoma nini, na watu wa nyumbani mwako wanasemaje.

Sala ya agano ya Wamethodisti ina ombi ambalo wenye bidii huliruka haraka: mwenye kusali anamwambia Mungu kwamba yuko tayari kutumiwa na yuko tayari pia kuwekwa kando. Kwa hiyo ongeza swali moja katika ukaguzi wako. Mwaka huu ukiondolewa katika uimbaji, ukamati au ualimu, bila kosa na bila maelezo, je, utaendelea kuja kusali ukiwa umeketi kiti cha nyuma? Ukiona jibu lako linasita, liandike hivyo hivyo, ulipeleke katika sala ya kesho asubuhi.